Jarida Lililozaa Kompyuta

Msomaji wa majarida ya kompyuta mwanzoni mwa miaka ya 1980 hakusoma akiwa amejilaza. Aliegemeza jarida kando ya televisheni iliyokuwa skrini ya kompyuta yake, akatafuta ukurasa uliojaa mistari yenye namba, 10, 20, 30, kisha akaanza kuichapa mmoja mmoja. Akiweka koloni penye nukta-mkato, jioni nzima imekwenda na maji. Tena mara nyingine mkosaji alikuwa mchapishaji, na masahihisho yalimfikia mwezi uliofuata, wakati ameshang'oa nywele za kutosha.

Waingereza waliokulia enzi hizo hawaishi kuzikumbuka kurasa hizo. Kompyuta ya Sinclair ZX Spectrum ilipotoka tarehe 23 Aprili 1982, ile ya bei ya chini ikiuzwa pauni 125, majarida yaliota kama uyoga. Lililopendwa kupita kiasi ni Crash, lililoanza Februari 1984 katika mji mdogo wa Ludlow, na majalada yake yaliyochorwa na Oliver Frey bado yanazungumzwa. Siwalaumu, ni majalada ya kupendeza kweli. Ila njia ninayoifuata mimi inaelekea Belgrade, Yugoslavia.

Yugoslavia ya wakati huo ilibana sana bidhaa za kutoka nje. Kifaa cha thamani inayozidi maki 50 za Ujerumani Magharibi hakikuruhusiwa kuingizwa na mtu binafsi, na Spectrum ilikuwa mbali mno na kiwango hicho. Aliyeitaka aliificha kwenye begi na kumwomba Mungu mpakani. Msomaji wa Tanzania asishangae: Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Hata ungeipitisha hiyo kompyuta kwa magendo, picha ungeionea wapi?

Kiangazi cha 1983 mhandisi Voja Antonić alikuwa mapumzikoni Risan, kwenye pwani ya Montenegro. Huko ufukweni alichukua maelezo ya kiufundi ya prosesa moja ya kampuni ya RCA, na katika kuyasoma akapata wazo: kwa nini prosesa yenyewe isichore picha kwenye skrini, badala ya kununua chipu ghali ya kazi hiyo? Hasara yake ni kwamba ikiwa inachora, haihesabu. Faida yake ni kwamba mashine nzima inaundika kwa vipuri vichache vya bei nafuu, navyo mtu aliweza kuvipata. Aliporudi aliichagua prosesa ya Z80A na kuanza kazi.

Alikutana na Dejan Ristanović, mwandishi wa mambo ya kompyuta katika Galaksija, jarida la sayansi la Belgrade. Mhariri Jova Regasek akakubali jambo ambalo wahariri wengi wangelikimbia. Toleo maalumu la Januari 1984, lililoitwa Računari u vašoj kući, yaani Kompyuta Nyumbani Kwako, lilichapa mchoro mzima wa mashine hiyo: saketi, bodi na maelekezo ya kuiunganisha. Kompyuta ikarithi jina la jarida. Nakala zilipokwisha walichapa tena na tena mpaka zikakaribia 100,000, na maelfu ya wasomaji wakashika chuma cha kulehemu.

Nimeipenda zaidi tabia ya mashine yenyewe. Kumbukumbu ilikuwa finyu kiasi kwamba nafasi ya maneno ya kumwonya mtumiaji ilikuwa ndogo, hivyo ilijua malalamiko matatu tu. Usipoeleweka, inaandika WHAT? Ukiidai hesabu isiyowezekana, HOW? Kumbukumbu ikijaa, SORRY. Nimewahi kuhudumiwa na makarani waliojua machache kuliko hayo.

Programu nazo zilipatikana redioni. Zoran Modli, mchezesha santuri ambaye pia alikuwa rubani, aliendesha kipindi cha Ventilator 202 katika Redio Belgrade 202. Kwa kuwa programu zilihifadhiwa kwenye kaseti kama sauti, Modli aliwaambia wasikilizaji watayarishe kanda zao, kisha akairusha ile sauti hewani. Ni mlio unaokereketa kama panga linalonolewa kwenye jiwe. Msikilizaji alirekodi, akaunganisha redio kaseti na kompyuta, na mlio ukageuka kuwa mchezo au somo la hesabu. Wengine walizirekebisha programu hizo na kuzirudisha zirushwe upya. Sisi tuliorekodi taarabu na ngoma za dansi kwa kuivizia redio, kidole juu ya kitufe, tunawaelewa vizuri.

Leo kurasa za toleo lile la Galaksija zinasomeka bure mtandaoni kwa sababu kuna wasomaji waliolitunza, kisha wakakaa kuzipiga picha moja moja. Kwetu majarida ya zamani huishia kufungia karanga. Nawe kama unalo kabatini jarida lolote la ufundi, la redio, kamera au kompyuta, hata lililochanika jalada, lipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla hujampa muuza karanga.