Kopi iliyochelewa: historia fupi, kutoka rejista za zamani hadi mashini yangu ya Katanika



Leo sileti historia ya vita wala ya wakubwa. Naleta historia ya kopi, yaani nakala ya pili ya kitu ambacho hutaki kipotee. Naileta kwa sababu imeniuma mimi mwenyewe.

Nilipoandika memwari yangu ya lisansi, nilizunguka Kalemie nikirekodi wazee waliofanya kazi ya reli na bandari. Mji wetu umejengwa na reli ile iliyofika ziwani kutoka Kabalo mwaka 1915, wakati bado unaitwa Albertville. Nilirekodi wazee 11 kwa simu. Simu ikijaa, nahamisha sauti kwenye kompyuta ya nyumbani, kiisha nafuta simu ili nipate nafasi. Nilikuwa na diski ya nje, na nilipanga kompyuta ifanye kopi yenyewe kila siku saa tatu ya usiku. Nikajiona msomi kweli.

Wiki za kwanza kopi ilikuwa inamalizika kwa dakika 20. Kiisha ikawa saa moja. Kiisha ikawa usiku mzima: asubuhi naamka, bado inazunguka. Nikitaka kuandika, mashini nzito kama mtumbwi uliojaa maji. Siku moja nikachoka, nikasema, hii kintu inanisumbua bule. Nikaizima. Nilijiambia nitaiwasha tena nikimaliza sura ya tatu.

Wiki tano baadaye kompyuta ikakataa kuwaka. Ndani ilikuwa inalia tu: ta, ta, ta. Sauti 8 nilizikuta kwenye diski ya nje. Sauti 3 nilizorekodi baada ya kuzima kopi zilikwenda kabisa. Mmoja wa wazee wale watatu alikuwa ameshafariki. Alikuwa kijana wa kazi kwenye kituo cha gari-moshi mwezi wa 6 mwaka 1964, waasi walipoingia mjini. Nilibaki na kurasa mbili za daftari. Sauti yake sina.

Nilipeleka mashini kwa yaya mmoja anayetengeneza kompyuta. Hakuuliza mengi.

«Ilianza kuchelewa lini?»

«Kama miezi mbili sasa, yaya.»

«Na wewe ukafanya nini?»

«Nilizima kopi.»

Akacheka kidogo, si kwa kunidharau. «Mdogo wangu, mashini ilikuwa inakohoa. We ukafunga mlango usiisikie.»

Neno lile halijanitoka. Kwa kuwa mimi ni mtu wa historia, nilirudi kwenye historia, nikatafuta: wenzetu wa zamani walifanya nini kopi ilipokuwa nzito?

Tuanze na karatasi. Mwaka 1667 mfalme Louis XIV wa Ufaransa alitoa amri kwamba rejista za ubatizo, ndoa na maziko ziandikwe mara mbili: moja ibaki parokiani, nyingine iende mahakamani. Fikiria kazi ile: padri anaandika kwa mkono, kiisha anaandika tena yote kwa mkono. Ilikuwa polepole na inachosha, na wengi walizembea. Mwaka 1736 ikabidi itolewe amri nyingine ya kuwakaza. Wazo lile la rejista mbili liliingia katika sheria ya kiraia ya Ufaransa, likapita Ubelgiji, na Wabelgiji ndio waliotuletea huku desturi zao za ofisi. Kila mara unapoona karani anaandika kitu kimoja katika nakala mbili au tatu, jua unaona mjukuu wa amri ile.

Lakini angalia kilichotokea Paris. Rejista za mji zilikuwa na nakala mbili kama sheria inavyotaka. Nakala moja ilikuwa upande wa jumba la mji, nyingine kwenye jumba la mahakama. Fasi zote mbili ziko ndani ya mji mmoja, unatembea kwa mguu dakika chache tu. Mwezi wa 5 mwaka 1871, katika siku za mwisho za uasi wa Komuni, majumba yote mawili yaliungua. Vyeti karibu milioni 8 vya kuzaliwa, kuoa na kufa vikapotea. Serikali ilitumia miaka mingi kuomba familia zilete karatasi zao za nyumbani, na hata hivyo ilirudisha kama milioni 2.7 tu, yaani theluthi moja. Kumbe nakala mbili zinazokaa fasi moja ni kama nakala moja.

Sasa njoo karibu, kwetu Katanga. Mwaka 1965, watu waliokuwa maboyi katika nyumba za wazungu Lubumbashi walitoa historia ya mji wao kwa Kiswahili chetu cha Katanga. Aliyeiandika ni André Yav, na iliitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Haikutoka kwa mchapishaji mkubwa. Ilipigwa kwa mashine ya kuandikia na kurudufishwa. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliitoa katika kitabu pamoja na tafsiri, na leo inasomwa vyuo vingi duniani. Kwa nini tunaijua? Kwa sababu nakala moja ilifika kwenye mikono iliyoitunza. Ni historia ngapi za namna ile zilikuwa na nakala moja tu, chini ya kitanda, paa likavuja?

Kiisha zikaja kompyuta, na shida ileile ikarudi na nguo mpya. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitoa mashine ya kwanza yenye diski ya kuhifadhi, RAMAC. Diski zake 50 zilibeba herufi milioni 5 hivi, na uzito wake ulizidi tani moja. Leo wimbo mmoja katika simu yako unaweza kuzijaza zote. Kopi za wakati ule ziliwekwa kwenye tepu za sumaku, na ilikuwa kazi ya usiku, wakati wateja wamelala. Makarani wa mashine walikuwa na utaratibu ambao mtu wa kwetu anauelewa bila mwalimu: babu, baba na mwana. Kopi ya leo ni mwana, ya wiki hii ni baba, ya mwezi ni babu. Mwana akiharibika, unamuuliza baba. Baba akiharibika, babu yupo, tena amelazwa nyumba nyingine.

Ila data ikazidi kukua na usiku haukuongezeka. Njo hapo watu wakajiuliza swali zuri: kwa nini tunakopi kila kitu wakati kilichobadilika ni kidogo? Ikazaliwa kopi ya nyongeza: mara ya kwanza unachukua yote, siku zinazofuata unachukua paka mapya. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, huko Australia, walitoa programu inayoitwa rsync. Inakata faili vipande vipande, inalinganisha alama ndogo ya kila kipande, kiisha inatuma tu vipande vilivyobadilika. Na sikieni vizuri, ninyi mnaoandika TFC: wazo lile lilikuwa sehemu ya tezi ya udaktari ya Tridgell, aliyoimaliza mwaka 1999. Mwanafunzi aliyekuwa anasumbuliwa na laini ya polepole hakuzima kopi. Aliuliza inachelewa kwa nini.

Swali lilelile mimi sikuuliza. Kwa hiyo nawaachia hapa niliyojifunza mezani kwa yaya, ili ninyi muulize mapema.

Kwanza, tenganisha kopi ya kwanza na zinazofuata. Ya kwanza ina haki ya kuchelewa. Zinazofuata zikiwa ndefu kama ya kwanza, kuna kitu. Mara nyingi kwetu ni umeme: unakatika katikati, au kompyuta inalala yenyewe, na kopi inaanza upya kila usiku bila kufika mwisho. Angalia tarehe ya kopi ya mwisho iliyokamilika, usiangalie tarehe iliyoanza. Kama umeme wenu hautulii usiku, hamisha saa ya kopi kwenye saa ambazo uko na umeme, na ukataze mashini isilale.

Pili, angalia tundu ulilochomekea diski. USB ya mwaka 2000 na ile ya mwaka 2008 zina umbo moja, lakini ya pili ina njia pana mara kumi hivi. Gigabaiti 200 kwenye tundu la zamani zinaweza kuchukua karibu saa mbili. Kwenye tundu jipya, ambalo mara nyingi ni la buluu, nusu saa inaweza kutosha. Wengi wetu tunachomeka fasi yoyote iliyo karibu.

Tatu, angalia unachokopi. Filamu unazoweza kuomba tena kwa rafiki hazina haja ya kwenda kila siku. Faili ndogondogo maelfu pia zinachelewesha kuliko faili moja kubwa, kwa sababu kila moja inafunguliwa na kufungwa, na programu ya kuzuia virusi nayo inaikagua. Folda za takataka za muda ziondoe kwenye orodha. Mambo ya kwanza yawe sauti, picha na maandishi yako mwenyewe.

Nne, na hili njo lililoniangusha: kama kopi ilikuwa haraka kiisha ikachelewa zaidi kila wiki, bila wewe kuongeza kitu kikubwa, shuku diski yenyewe. Diski inayokufa inasoma fasi moja mara nyingi kabla ya kufaulu. Karibu kila diski inajipima, na kuna programu za bule zinazoonyesha hali yake. Ukiona dalili ile, usizime kopi. Siku hiyohiyo nakili vitu vya thamani kwanza, mengine baadaye.

Tano, jaribu kufungua. Mwaka 1998 watengenezaji wa filamu ya Toy Story 2 walifuta kwa bahati mbaya sehemu kubwa ya kazi yao. Walipokimbilia kopi, wakakuta ilikuwa mbovu kwa muda bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni kopi iliyokuwa nyumbani kwa mfanyakazi mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa anafanyia kazi kwake kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga. Kopi usiyoifungua hata siku moja ni tumaini tu.

Sasa hivi niko na diski mbili. Moja iko hapa Katanika, nyingine iko kwa mama mdogo, mbali na ziwa, maana tumeona wenyewe maji ya Tanganyika yakipanda na kuingia nyumba za watu. Kila mwezi naenda kumsalimia na kubadilisha diski. Ananiuliza, «Iko na nini ndani, mwanangu?» Namjibu: wazee wanane.

Walikuwa 11. Kama uko na mzee wako kwenye simu, angalia usiku wa leo kopi yake ilikamilika lini.