Nchi Ikisema, Nani Anatafsiri?

Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikiandika orodha. Vijana wa ukoo wetu, wengine wamezaliwa Nairobi na wengine Marekani, waliniomba kwenye kundi letu la WhatsApp niwaandikie maneno ya kila siku ya Dholuo pamoja na maana yake kwa Kiingereza. Wakija Karungu kwa mazishi au Krismasi wanataka kuwaamkua wazee bila kuona haya. Ni kazi rahisi, utadhani. Safu ya kushoto Dholuo, safu ya kulia Kiingereza, basi.

Lakini safu ya kulia inagoma. Chukua njaa. Sisi husema kech kaya, njaa inaniuma. Kiu ni riyo oloya, kiu imenishinda. Ukisahau jambo ni wiya owil, yaani kichwa ndicho kilichosahau. Kiswahili kinaelewa haraka, maana nacho husema njaa inaniuma, homa imenishika. Kiingereza humtanguliza mtu: I am hungry, I am thirsty, I forgot. Mtu ndiye mwenye njaa, na mtu ndiye mwenye lawama ya kusahau.

Hayo ni madogo, unaweza kuyacheka. Ila historia ya huku kwetu ziwani ina maneno madogo mengi ya namna hii, ambayo yalivuka kwenda Kiingereza yakarudi yakiwa amri, hukumu, au dawa isiyofaa. Safu kama hizi zangu hazikuanza na mimi. Wamisheni walinitangulia. A. A. G. Carscallen, Mwadventista, alifika Gendia, kule Kendu, mwaka 1906, na baadaye akaandika sarufi ya Dholuo. Tangu hapo kila aliyetaka kututawala, kutuhubiria au kututibu amehitaji mtu wa kujaza safu ya kulia.

Nianze na neno piny. Mtoto wa Karungu hulisikia kabla hajajua kutembea. Bed piny, kaa chini. Piny oru, kumekucha. Piny liet, kuna joto. Piny ni chini, ni ardhi, ni nchi, ni dunia, ni hali ya hewa, na kwa mazungumzo ni watu wenyewe walioko juu ya hiyo ardhi. Ukiongeza wa mwishoni unapata pinywa, nchi yetu.

Mwaka 1911 mwanajiolojia Felix Oswald alikuja Karungu kuchimba mifupa ya wanyama wa kale. Mifupa ya hapa ilikuwa tayari imepata sifa London. Mnyama mmoja wa jamii ya tembo, aliyekufa mamilioni ya miaka iliyopita, alipewa mwaka huohuo jina la Deinotherium hobleyi, kwa heshima ya C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni. Oswald aliporudi kwao alichapisha kitabu mwaka 1915, akakiita Alone in the Sleeping Sickness Country. Ni kweli malale yalikuwa yameua watu wengi na kuacha fukwe nyingi bila wakazi. Lakini hebu ona, mahali ambapo wenyewe waliita pinywa pakaingia maktaba za Uingereza kwa jina la ugonjwa. Na huyo mzungu aliyekuwa kati ya watu akajiita mpweke.

Miaka kumi baadaye piny lilisema. Mnamo Desemba 1921, kule Lundha, Gem, walimu na wazee walikutana kulalamika juu ya kodi, kipande na kazi ya lazima. Zaidi ya yote walikuwa na hofu, kwa sababu mwaka 1920 nchi ilikuwa imegeuzwa kutoka himaya kuwa koloni, na hakuna aliyejua shamba lake lingekuwa la nani kesho. Jonathan Okwiri, mwalimu, akawa mwenyekiti. Kwenye karatasi chama kiliitwa Young Kavirondo Association. Mdomoni mwa watu kiliitwa Piny Owacho.

Piny owacho ni maneno mawili ya kawaida kabisa: nchi imesema. Vitabu vya Kiingereza huyatafsiri mara nyingi kama sauti ya watu. Si uongo, lakini katika tafsiri hiyo watu wanabaki na ardhi inapotea. Waliokuwa Lundha hawakuwa wakitoa maoni tu. Walikuwa wakisema kwamba udongo wenyewe, pamoja na waliozikwa ndani yake, umekataa. Mwaka 1923 Archdeacon W. E. Owen alikigeuza chama kikawa Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, na mkazo ukahamia kwenye ustawi, mambo ya usafi na vyoo. Choo ni kitu kizuri, sikatai. Lakini nchi haikuwa imesema choo.

Neno la pili ni dala. Hapo ndipo Kenya nzima ilipojifunza kwamba Kiingereza kinaweza kukwama mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika nyumbani kwao nje kidogo ya Nairobi. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilisikilizwa Nairobi na nchi nzima ikaifuata magazetini kila asubuhi.

Kati ya mambo yote yaliyobishaniwa, moja lilikuwa dogo na la kila siku: marehemu nyumbani kwake ni wapi? Kwa Dholuo ot ni nyumba. Dala ni boma, na dala haijengwi kwa mabati na saruji peke yake. Husemwa ogoyo dala, amepiga boma, na anayepiga huenda na jogoo, shoka na moto, pamoja na mkewe na mtoto wake wa kiume, na baba yake, au mzee wa kusimama mahali pa baba, awepo. Kwa hiyo upande wa ukoo ulisema mtu anaweza kuwa na nyumba tatu mjini na asiwe na dala huko hata moja. Upande wa mjane ulisema mtu wa kisasa nyumbani kwake ni pale alipoishi na mke na watoto. Wote walitumia Kiingereza kimoja, house na home, kumbe kila mmoja ana kipimo chake kichwani. Mei 1987 Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo haki, na Otieno akazikwa Nyalgunga zaidi ya miezi mitano baada ya kufa.

Sitaki kuamua kesi hiyo upya hapa. Mjane alikuwa na uchungu wake na haki zake, na wanawake wengi waliona kwamba neno dala limegeuzwa rungu la kuwapigia. Hoja yangu ni kwamba hawa watu walibishana kwa miezi juu ya neno ambalo mtoto akitoka shuleni hulitamka bila kufikiri: adhi dala, naenda nyumbani.

Sasa turudi Karungu, na neno la tatu, chuny. Kamusi itakwambia ni ini. Ukimchinja mbuzi, chuny ni ini kweli. Lakini mtu akisema chunya lit, moyo wake una huzuni. Nimewahi kukaa kwenye benchi la zahanati moja, sitaitaja, nikamsikia nyanya mmoja akisema hivyo kwa sauti ya chini. Kijana aliyekuwa akimtafsiria akamwambia daktari, mgeni kwetu, kwamba mama anaumwa ini. Daktari akauliza kuhusu pombe. Nyanya hajawahi kuonja pombe maishani mwake. Alikuwa amemzika mwanawe wa pili ndani ya mwaka mmoja.

Jirani yake kwenye benchi ndiye aliyeokoa mambo. Hakutumia Kiingereza. Alimwambia daktari kwa Kiswahili, "Daktari, huyu mama ana majonzi, amefiwa." Daktari akaweka kalamu chini, akamgeukia, akasema, "Pole sana, nyanya." Na nyanya, ambaye Kiswahili chake si kingi, alilielewa neno pole kabisa, kwa sababu kwetu ni mos. Mos mos ni polepole, na mos ni pole. Lugha hizi mbili hazina undugu wa damu, moja ni ya Kinailoti na nyingine ya Kibantu, lakini zote mbili zinamwambia aliyeumia aende taratibu.

Kiingereza cha vitabuni hakina neno hilo. Kina sorry, ambalo mara nyingi ni la mwenye kosa. Lakini tembea Kisumu au Nairobi, jikwae barabarani, usikie mpita njia asiyekujua akikwambia sorry. Mwingereza mgeni hushangaa: kwani wewe ndiye uliyenisukuma? Hapana, ndugu yangu, amekwambia mos. Hapo Kiingereza ndicho kilichosogea kikaja kwetu, bila mwalimu wala kamusi.

Ndiyo maana katika orodha yangu nimeacha kutafuta neno moja la kulia kwa kila neno la kushoto. Mbele ya piny, dala na chuny nimeandika sentensi nzima, nyingine zimekuwa aya. Vijana watalalamika kwamba ni ndefu, na wana haki. Lakini siku moja mmoja wao atakaa kando ya kitanda cha hospitali au mbele ya hakimu, mzee wa Karungu atasema maneno mawili, na watu wote watamgeukia yeye kuuliza mzee amesema nini. Nataka siku hiyo awe na jibu refu.