Nyayo Zilizotangulia Msingi

Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua Laetoli, wilayani Ngorongoro, nyayo za viumbe waliotembea wima juu ya jivu la volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Hilo linajulikana sana. Nyayo za pili, zilizo takriban mita 150 kusini mwa zile, zilionekana kwa sababu nyingine kabisa: palikusudiwa kujengwa makumbusho, na kabla ya msingi kuchimbwa, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Fidelis Masao, waliipima ardhi kwa mashimo ya majaribio. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mmoja wa waliopita pale alikadiriwa kuwa na kimo cha sentimita 165 hivi, kirefu kuliko cha wote waliojulikana Laetoli.

Kwa hiyo nauona ukaguzi wa namna hii kuwa sehemu ya ujenzi wenyewe. Itasemwa kwamba mwananchi wa Karatu anayesubiri bomba la maji hanywi nyayo, na hoja hiyo ni nzito, maana kiu haingoji. Lakini mtaro wa bomba ni mwembamba, na njia yake hupindishwa kwa urahisi ikiwa bado iko kwenye ramani. Wengine husema fundi atasimama akikuta kitu. Atakitambuaje? Alama ya kisigino ndani ya jivu lililoganda haing'ai kama dhahabu; meno ya katapila huivunja kabla jicho halijaiona.