Historia ya x mraba: mbona tulifundishwa kinyumenyume?

Leo tuweke kando simu na kompyuta, tutazame hesabu ambayo kila aliyepita sekondari anaikumbuka: kuvunja x² + 10x − 39 iwe mabano mawili. Unatafuta namba mbili ambazo ukizizidisha unapata −39, ukizijumlisha unapata 10. Ni 13 na −3, kwa hiyo jibu ni (x + 13)(x − 3). Rahisi.

Sasa badilisha 39 iwe 40. Jaribu 1 na 40, 2 na 20, 4 na 10, 5 na 8. Hakuna jozi inayokubali. Je, ni wewe umeshindwa kuiona, au haipo?

Hesabu ya 39 ni ya zamani sana. Imo katika kitabu cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad karibu mwaka 820. Kitabu hicho ndicho kilichotupa neno aljebra, na jina la mwandishi likazaa neno algorithimu, ambalo sisi watu wa programu tunalitumia kila siku. x mraba aliiita "mal", ndiyo mali yetu ya Kiswahili.

Al-Khwarizmi hakutafuta mabano. Alichora mraba wenye upande x, akaongeza mistatili miwili yenye upana 5. Kona ikabaki wazi, 5 kwa 5, akaijaza kwa 25. Basi 39 + 25 = 64, upande mzima ni 8, na x ni 3.

Ukiweka 40 unapata 65, ambayo si mraba wa namba nzima yoyote. Umeshajibiwa: jozi haipo. Kwa ax² + bx + c yoyote yenye namba nzima, kipimo ni b² − 4ac. Kikitoa mraba kamili, inavunjika. Kisipotoa, acha kutafuta namba nzima. Kikiwa chini ya sifuri, hata desimali hazitakusaidia.

Njia ya mabano ilikuja baadaye sana. Mwingereza Thomas Harriot aliijenga milinganyo kwa kuzidisha mabano, na kitabu chake kilichapishwa 1631, miaka 10 baada ya kifo chake.

Mfumo wa 8-4-4, ambao KCSE yake ya kwanza ilifanywa 1989, uligeuza mpangilio huo: mabano kidato cha pili, kukamilisha mraba na fomula kidato cha tatu. Kwa hiyo kuanzia Nyeri na Karatina hadi Embu na Meru, mwanafunzi aliwinda namba mwaka mzima bila chombo cha kumwambia kwamba mawindo hayapo. Hapo ni rahisi mtu kujiona hana kichwa cha hesabu. Walimu, wakiwemo waliofunzwa hapa Chuo cha Kagumo, walifuata silabasi. Lakini hakuna mtu wa programu anayeandika kitanzi bila kukiambia kisimame lini.

Silabasi si msahafu. Kenya iliachana na zile "hesabu za kisasa" mwaka 1981, ikaleta 8-4-4 mwaka 1985, na Januari 2026 Gredi ya 10 ya kwanza ikaingia sekondari ya juu. Ukiwa na mdogo wako huko, mfundishe b² − 4ac siku ile ile anayoanza mabano. Ni mstari mmoja tu wa kuzidisha na kutoa.