Filamu Zilizopita Kisangani

Nje ya jimbo la Tshopo, nchini Kongo, jina la Kisangani huja pamoja na habari za vita. Wachache hukumbuka kwamba mji huu, ulipokuwa bado Stanleyville, ulipokea wacheza sinema wakubwa wa dunia. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston aliwaleta Humphrey Bogart na Katharine Hepburn mpaka Biondo, kando ya mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo, kupiga filamu ya The African Queen. Mwaka 1958 ikawa zamu ya Audrey Hepburn na The Nun's Story. Kabla yao mwandishi Joseph Conrad alipanda mto Kongo hadi hapa mwaka 1890, na riwaya ya V. S. Naipaul ya 1979 imejengwa juu ya mji usiotajwa jina ambao wasomaji wengi wanaujua kuwa ni huu. Hata Ruiki haukuigiza kama Ruiki: katika filamu ya Huston ni mto wa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Sura ya mahali ilichukuliwa, jina likaachwa, na ndiyo maana umaarufu ule haukumleta mtalii.

Watasema vita ndivyo vilivyofukuza wageni: 1964, kisha 1996 na 1997, kisha siku sita za Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana katikati ya mji wa watu. Hoja hiyo ni nzito, na reli ya kilomita 125 kwenda Ubundu iliyochakaa inaipa nguvu. Lakini haitoshi. Maporomoko ya Wagenia yamepita katika vita vilevile, na bado ndiyo mgeni huonyeshwa kwanza, kwa kuwa magogo na malema yale yana wenyewe: koo za wavuvi zinazojua nani anatega wapi, na zinazomsimulia mgeni. Filamu ya Huston haikuacha mwenyewe Ubundu. Mashua yake, iliyoundwa Uingereza mwaka 1912 na kutumika Ziwa Albert, leo hubeba watalii wanaolipa huko Key Largo, Florida, mahali ambapo hadithi yake haikupagusa kabisa. Aliyeitunza ndiye anayekula.

Wengine watauliza kwa nini Kisangani ijisifie filamu ambazo wenyeji walikuwamo kama wapagazi na wapiga makasia. Swali la haki, wala simtaki mtu ajenge sanamu ya Bogart. Ila kusimulia si kusifu. Aliyekata njia msituni ili kamera ipite, naye ana historia yake, na hiyo Hollywood haikuiandika. Mtunzi wa ngoma Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu, alihamishia kituo chake cha sanaa, Studios Kabako, Kisangani mwaka 2006, na tangu hapo wasanii kutoka mbali wameufuata mji huu kwa jina lake lenyewe, kwa ngoma zinazotungwa humu humu, reli ikiwa mbovu vilevile.