Theluji ya Wellington

Kuna maneno ninayoyasikia karibu kila tunapomzika mtu aliyekufa kwa ajali: "Kazi ya Mungu haina makosa." Ni maneno ya kuwafariji wafiwa, wala siyapingi. Lakini kila nikiyasikia huikumbuka historia ya Wellington, nami hujiuliza kazi ya Mungu inaishia wapi na ya binadamu inaanzia wapi.

Wellington kilikuwa kituo kidogo cha reli katika milima ya Cascade, jimbo la Washington, Marekani. Mwishoni mwa Februari 1910, treni mbili, moja ya abiria na nyingine ya barua, zilikwama hapo kwa dhoruba ya theluji. Theluji ilianguka siku baada ya siku, ikaifukia njia mbele na nyuma. Vibarua walioizoa kwa makoleo walidai nyongeza ya ujira. Walipokosa, wengi wakaacha kazi. Makaa ya mawe nayo yakawa yanakwisha.

Juu ya treni ulikuwapo mteremko mkali ambao miti yake ilikwisha teketea kwa moto. Msitu huishika theluji isiteremke. Mlima mtupu hauna cha kuizuia. Baadhi ya abiria waliuona mteremko ule, wakaomba treni irudishwe ndani ya handaki lililokuwa karibu. Wakubwa wa reli walikataa, kwa kuwa humo mlikuwa na baridi na moshi. Tuwatendee haki: mahali pale hapakuwa na kumbukumbu ya poromoko la theluji. Abiria wachache hawakungoja. Walishuka mlima kwa miguu, wakasalimika.

Usiku wa Februari 28 hali ya hewa ikageuka. Upepo wa joto ulivuma, na badala ya theluji ikanyesha mvua. Mtu asiyeijua milima angeshukuru kwamba dhoruba imekwisha. Kumbe hatari ndiyo kwanza ilikuwa inafika! Mvua huifanya theluji mpya kuwa nzito, na maji yakipenya chini hulegeza mshikamano wa matabaka. Saa saba na kitu usiku, Machi 1, katikati ya radi na ngurumo, tabaka zima la theluji lilimeguka, likazisomba treni zote mbili hadi bondeni. Watu 96 walikufa. Hakuna poromoko la theluji lililoua wengi zaidi katika historia ya Marekani.

Kesi ilifika mbele ya mahakama ya juu ya jimbo, nayo mwaka 1914 ikaamua kwamba lile lilikuwa tendo la Mungu. Kampuni ya reli haikuwa na lawama.

Sina ubishi na majaji kuhusu sheria. Lakini nayatazama matendo ya kampuni yenyewe. Mwaka uleule wa 1910 jina la Wellington lilibadilishwa likawa Tye. Juu ya njia pakajengwa mapaa ya zege ya kuikinga na theluji. Mwaka 1929 likafunguliwa handaki jipya, refu kupita kilomita 12, na njia ya zamani ikaachwa.

Mungu hakubadilika kati ya 1910 na 1929. Theluji iliendelea kuanguka juu ya mteremko uleule. Kilichobadilika ni mahali treni ilipopita, na hilo liliamuliwa na watu.