Tarehe ya Matendegu ya Ipyana

Wa Rungwe husema useremala wa Kyela ulishuka kutoka kwao. Ni kweli wamisheni wa Kimoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na kituo cha Ipyana, huku Kyela, kikafunguliwa 1894. Hilo hatubishi. Lakini habari ya mguu wa kitanda na kiti ni habari ya bondeni, na wa bondeni ni sisi.

Kabla ya misheni mzee alikalia kigoda, gogo moja lililochongwa kwa tezo. Cha miguu mitatu hakiyumbi hata chini pakiwa na mabonde. Wahehe na Wagogo wanavyo pia.

Misheni ikaleta randa na patasi, mguu ukawa kipande cha peke yake. Mfumbati, yaani mti wa ubavuni mwa kitanda, huchongwa ulimi; tendegu, yaani mguu, hutobolewa tundu; vikagongwa mpaka vikabana. Pwani fundi hukereza tendegu kwa pete na vitufe, na kiti cha enzi kilitiwa mpingo na pembe, kikawekewa na pa kupumzishia miguu. Ni kazi nzuri, ya nyumba ya mawe. Hapa mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hufurika masika; matope hujaa kwenye kila pete, unyevu hupanda, mchwa hufuata. Ndiyo maana wazee walitaka mguu wa mraba, mnene, mtupu, wa mninga au mvule, chini yake tofali. Urembo ulianzia kwenye ubao wa kichwani.

    

Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wakaingia, wamisheni wa Kijerumani wakaondolewa, Waskoti wa misheni ya Livingstonia wakavishika vituo. Wapo wanaosema ufundi ulikatika hapo. Haukukatika. Mzungu ndiye aliyeondoka. Mikono iliyokwisha kujua patasi ilikuwa ya Wanyakyusa, nayo haikwenda popote.

Anayebisha akipindue kitanda cha zamani, apapase pale mfumbati unapoingia kwenye tendegu. Atakuta ncha ya ulimi imetokeza upande wa pili. Akikuta msumari, umepigwa na aliyekuja kukarabati.